Hesabu Pumzi Zake Akiwa Amelala

Mwezi huu nilipanga kuandika kuhusu wanafunzi na kodi ya halmashauri, na walioniuliza jambo hilo nawaomba wavute subira hadi toleo lijalo. Nina deni la zamani zaidi. Tangu nilipomtaja mbwa wetu Biskuti kwenye safu ya Desemba, barua zimekuja nyingi kuliko hata zile za viza. Wengine mmenicheka, kwamba Mchaga amefika Ulaya anafuga mbwa sebuleni. Wazazi wengi mmeuliza swali moja: watoto wanalia wanataka mbwa, tuwajibu nini? Na mama mmoja aliandika sentensi mbili tu. Mbwa wao mdogo ameanza kukohoa usiku kama mzee wa kiko, mumewe anasema ni baridi, je, mimi naonaje?

Mama huyo nilimjibu siku ile ile: mpelekeni kwa daktari wa wanyama wiki hii, msingoje. Ninyi wengine naomba niwaeleze kwa nini nilijibu haraka hivyo.

Biskuti hatukumnunua. Alikuwa wa jirani yetu hapa Bearwood, bibi wa Kiingereza ambaye mumewe alifariki, na yeye mwenyewe miguu ikamshinda hadi watoto wake wakampeleka kwenye nyumba ya wazee. Nyumba ile haipokei wanyama. Binti yangu, aliyekuwa na miaka tisa, alikuwa amezoea kumtembeza mbwa yule kandokando ya bwawa la Edgbaston kila Jumamosi, na siku bibi alipokuwa anafungasha, mtoto alirudi nyumbani analia kiasi kwamba mke wangu aliniangalia tu, nikajua mambo yamekwisha. Tukampokea. Ni mbwa wa aina ya Cavalier King Charles Spaniel, mweupe mwenye mabaka ya kahawia, masikio marefu kama ya mbuzi wa kisasa, na wakati huo alikuwa na miaka minane.

Bibi alinikabidhi mkeka wake, bakuli, kadi ya chanjo, na namba ya kile kidude kinachowekwa chini ya ngozi, ambacho sheria ya Uingereza inakitaka kwa kila mbwa tangu Aprili 2016. Halafu, akiwa tayari ameketi kwenye gari la mwanawe, akasema, “Ana mvumo kidogo kwenye moyo.” Alisema vile mtu anavyosema gari analokuuzia lina mkwaruzo mlangoni. Nikaitikia kwa kichwa. Sikujua mvumo ni nini, na niliona aibu kuuliza.

Mnijue nilikotoka. Kwetu Kibosho mbwa aliitwa Simba, kama mbwa wa nusu ya kijiji. Mchana alifungiwa bandani, usiku aliachiwa alinde, alikula ugali na makombo, na bwana mifugo alipokuja nyumbani alikuja kwa ajili ya ng'ombe. Simba alipata sindano moja tu, ya kichaa cha mbwa, na baada ya hapo hakuna aliyemgusa kifua. Alipokufa, tulimkuta asubuhi amelala chini ya migomba, na baba akasema amezeeka. Labda ni kweli. Labda alikuwa na moyo. Hatukuwa na namna ya kujua, na sikuwahi kuliwaza hilo hadi nilipofika miaka arobaini na tatu, nimesimama kwenye kliniki ya Birmingham.

Sasa mvumo. Moyo wa mbwa, kama wa kwetu, una vyumba vinne na vali, yaani vilango vinavyofunguka upande mmoja tu. Damu ikipita, kilango kinafungwa nyuma yake ili isirudi. Kwa mbwa wadogo wanaozeeka, kilango cha upande wa kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini, huanza kuwa kinene na chenye vinundu, hakifungi sawasawa. Kila pigo la moyo damu kidogo inarudi ilikotoka, na ile sauti ya damu inayorudi ndiyo mvumo anaousikia daktari kwa kifaa chake. Ndiyo maradhi ya moyo yanayowapata mbwa wengi kuliko mengine yote. Na hawa wa aina ya Biskuti wanaongoza. Wakifika miaka kumi, wengi wao wana mvumo tayari.

Daktari huupima mvumo kwa daraja, kuanzia 1 ambalo halisikiki kwa urahisi hadi 6 ambalo hata ukiweka kiganja kifuani unaliona linatetemeka. Lakini daraja peke yake halisemi kila kitu. Mbwa anaweza kuishi miaka na mvumo, anakula, anakimbiza njiwa, hana habari. Jambo linalotakiwa kujulikana ni kama moyo umeanza kupanuka kwa sababu ya kufanya kazi mara mbili. Hilo halijulikani kwa sikio. Linajulikana kwa eksirei ya kifua, na zaidi kwa kile kipimo cha mawimbi ya sauti ambacho akina mama wengi mnakijua kwa mimba.

Hapa ndipo ninapoingia mimi na makosa yangu.

Machi mwaka jana nilimpeleka Biskuti chanjo ya mwaka. Daktari, dada mmoja kijana, alisikiliza muda mrefu kuliko kawaida. Akasema mvumo ulikuwa daraja la 2, sasa ni la 4, na anashauri tupige picha ya moyo ili tujue kama umepanuka, kwa sababu ukipanuka kuna dawa ya kuanza hata kabla mbwa hajaonyesha dalili. Akaandika gharama kwenye karatasi. Ilikaribia paundi 500. Nikaikunja karatasi, nikamwambia tutarudi.

Wiki ile ile dada yangu alikuwa amepiga simu kwamba bati la nyumba ya mama upande wa jikoni limeoza na masika yanakuja. Mnayajua mahesabu haya, hakuna msomaji wa safu hii asiyeyajua. Paundi 500 za moyo wa mbwa, au bati juu ya kichwa cha mama. Nilituma pesa Moshi na sikuona hata kama kuna swali. Leo pia ningelituma. Ninachojilaumu ni kwamba baada ya bati kuisha, Juni, Julai, Agosti, karatasi ile iliendelea kukaa kwenye droo na mimi niliendelea kusema tutarudi.

Baadaye nilisoma kwa nini dada yule alisisitiza. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofuatilia mbwa 360 katika nchi 11, wote wenye ugonjwa huu wa kilango, moyo umekwisha kupanuka lakini hawajaanza kuugua. Nusu walipewa dawa iitwayo pimobendani na nusu kidonge kisicho na dawa. Waliopewa dawa walichelewa kufikia hatua ya kuugua kwa takriban miezi 15 kwa wastani. Miezi 15 kwa mbwa wa miaka tisa si kidogo. Tangu hapo madaktari hawasubiri kikohozi kama moyo umepanuka kiasi hicho, na ndiyo maana wanaitaka ile picha. Siwezi kusema Biskuti angekuwa mmoja wa waliochelewa. Naweza kusema tu kwamba hakupewa nafasi.

Septemba binti yangu aliniambia, “Baba, Biskuti anapumua haraka.” Nikamwambia amezeeka. Ndiyo, neno lile lile la baba yangu. Oktoba alianza kusimama katikati ya kilima cha kurudi nyumbani, anageuka kuangalia barabara kana kwamba kuna kitu kimemvutia, kumbe anapumzika. Akaanza kukohoa usiku, kikohozi kikavu, mwisho kama anataka kutapika. Tukadhani amekwamwa na unywele. Alipungua nyama ya mgongoni ingawa tumbo lilionekana lile lile. Ukiyaandika hivi mfululizo kila mtu anaona picha. Yakikujia moja moja, kati ya zamu za usiku na foleni za shule, huoni kitu.

Usiku wenyewe ulikuwa wa Novemba. Mke wangu alikuwa zamu hospitalini na gari alikuwa nalo yeye. Saa nane kasoro dakika ishirini binti yangu akaniamsha. Biskuti alikuwa amesimama katikati ya sebule, viwiko vya mbele ameviachanisha, shingo ameinyoosha mbele, hataki kulala. Akijaribu kulala anainuka tena. Ubavu wake ulikuwa unakwenda kama mvukuto wa mhunzi. Nikafunua mdomo: ufizi uliokuwa wa rangi ya waridi ulikuwa kama majivu. Binti yangu, ambaye kwenye somo la sayansi walikuwa wamefundishwa kupima mapigo, alikuwa amekwisha kuhesabu. “Hamsini na sita kwa dakika, Baba. Nimehesabu mara mbili.”

Kliniki yetu usiku haifunguliwi, simu yake inakuelekeza kwenye hospitali ya dharura. Nikaita teksi. Ya kwanza ilifika, dereva akaona mbwa, akaondoka, na simlaumu, kwa sheria ya hapa analazimika kumpokea mbwa wa msaada wa mlemavu tu. Ya pili alikuwa Msomali wa Small Heath. Alipotusikia mimi na binti yangu tukibishana kwa Kiswahili pale kibarazani, akashusha kioo.

“Nyinyi ni watu wa nyumbani?” Alikuwa amekulia Eastleigh, Nairobi. Akamtazama Biskuti, akanyamaza kidogo. Ni Mwislamu, na unyevu wa mbwa ukigusa kiti una kazi yake ya kutoharisha. Sikutaka kumbembeleza. Akatoka, akafungua buti, akanipa boksi kubwa la kadibodi lililobaki la televisheni.

“Muweke kwa boksi ndugu yangu, boksi liweke kwa magoti. Twende, huyu mnyama hana pumzi.”

Akafungua vioo vyote ijapokuwa baridi ilikuwa ya kukata, kwa sababu alisema mgonjwa wa pumzi anataka hewa. Njia nzima hakusema neno jingine. Tulipofika alikataa kunizidishia hata peni juu ya bei ya mita, na namba yake ninayo mpaka leo.

Hospitalini hawakuanza na picha. Walimweka Biskuti kwenye kisanduku cha oksijeni, wakampiga sindano ya kutoa maji mwilini, wakamwacha atulie. Daktari akaeleza kwamba mbwa katika hali ile ukimshikashika na kumlaza kwa ajili ya eksirei anaweza kukufia mezani kwa hofu tu. Picha ilipigwa asubuhi. Mapafu yalikuwa na maji, na chumba cha juu cha kushoto cha moyo kilikuwa kimevimba hadi kinasukuma njia ya hewa juu. Kile kikohozi cha Oktoba.

Daktari akatumia maneno mawili ya Kiingereza yanayomaanisha moyo umeshindwa, na binti yangu akapasuka kulia papo hapo, akidhani mbwa amekufa. Nami nilikuwa karibu kumfuata. Basi tuelewane hapa, kwa sababu hata kwa Kiswahili maneno haya yanatisha: moyo kushindwa hakuna maana kwamba umesimama. Maana yake hausukumi damu kwa kiwango kinachotakiwa, kwa hiyo damu inajazana nyuma yake, na maji yanavuja kwenye mapafu, au tumboni kama upande ulioathirika ni wa kulia. Maji yanaweza kutolewa. Kilango hakitengenezwi na vidonge, lakini mbwa anaweza kurudi nyumbani.

Biskuti alirudi kesho yake jioni. Bili ilizidi paundi 1,300. Bima nilikuwa nimemkatia, nikitamba nayo, na sikuwa nimeisoma. Ukimkatia mnyama bima, ugonjwa uliokwisha kuandikwa kwenye faili lake kabla ya siku hiyo haulipiwi, na ule mvumo “kidogo” wa bibi jirani ulikuwa umeandikwa miaka miwili kabla hatujamchukua. Kwa hiyo mnaofikiria kuchukua mbwa mzima wa mtu, jambo la kwanza ombeni faili lake la matibabu, lisomeni, na mkiona neno msilolijua ulizeni pale pale bila aibu. Anayenunua mtoto wa mbwa akate bima mapema kabla faili halijaandikwa kitu. Wanafunzi na wenye viza isiyoruhusu misaada ya serikali, kumbukeni kwamba lile shirika la hisani la PDSA, lililoanzishwa na Maria Dickin mwaka 1917 kwa ajili ya wanyama wa maskini wa London na ambalo lina hospitali hapa Birmingham, linahudumia hasa watu wanaopata aina fulani za misaada hiyo hiyo. Msilihesabu kama akiba yenu kabla hamjauliza. Na dawa za kila mwezi si lazima uzinunue kliniki: una haki ya kuomba cheti cha dawa kilichoandikwa ukanunue kwenye duka la dawa za wanyama lenye leseni mtandaoni. Kliniki hutoza ada ya kuandika cheti, lakini kwa dawa za kudumu mara nyingi bado unaokoa.

Dawa zenyewe ni tatu. Pimobendani asubuhi na jioni, tumbo likiwa tupu, kama saa moja kabla ya chakula, inasaidia moyo kusukuma na kulegeza mishipa. Furosemidi ya kutoa maji. Na spironolaktoni. Mnywaji wa furosemidi hunywa maji mengi na kukojoa mengi, na kosa la wengi, nusura liwe langu, ni kumfichia bakuli usiku ili asilowanishe zulia. Usifiche. Atakauka na figo zitaumia. Ndiyo maana pia baada ya wiki moja au mbili walimtoa damu kupima figo na chumvi za mwilini, na wataendelea kumpima.

Siku ile ya kurudi nilimpigia mama simu. Nilimweleza kwa tahadhari, kwa sababu bati lilikuwa bado jipya. Nilipofika kwenye dawa akanikatiza.

“Hiyo furosemidi, ndiyo Lasix?”

“Ndiyo, Mama.”

“Mbwa wako anameza dawa yangu?”

Mama yangu ana moyo uliopanuka, anahudhuria kliniki KCMC mwaka wa tano huu, na Lasix yuko nayo kila asubuhi. Pakawa kimya hadi nikadhani mtandao umekatika. Halafu akacheka, kicheko chake cha tumboni. “Basi baba, mwambie asiimeze usiku. Hatalala, atashinda anakwenda haja.” Alikuwa amesema sawasawa na daktari.

Kisha, akiwa bado anacheka, akauliza, “Na hizo pumzi mnamhesabia kila siku?” Nikamwambia ndiyo, binti yangu anahesabu. Akasema, “Mmh. Na mimi nani ananihesabia?”

Nitarudi kwenye swali hilo. Kwanza niwaeleze kuhesabu kwenyewe, kwa kuwa ndilo jambo moja katika haya yote ambalo halina gharama, na ndilo lililonifanya nimjibu yule mama kwa haraka.

Mbwa aliyelala usingizi, mwenye afya au mwenye ugonjwa uliodhibitiwa, kwa kawaida hupumua chini ya mara 30 kwa dakika. Wengi wako chini ya hapo kabisa. Maji yanapoanza kuvuja kwenye mapafu, hesabu hupanda, mara nyingi kabla kikohozi hakijabadilika na kabla wewe hujaona kitu. Kwa hiyo unasubiri alale kweli, chumba kisiwe na joto, asiwe ametoka kukimbia wala hahemi mdomo wazi. Akiwa anaota, miguu inatikisika na macho yanacheza, subiri, pumzi za ndoto zinadanganya. Angalia ubavu. Ukipanda na kushuka, hiyo ni moja. Kupanda moja na kushuka mbili ndiko walikokosea wengi walioniambia mbwa wao ana 48. Hesabu sekunde 30 kwa saa ya simu, zidisha kwa mbili, andika na tarehe. Usimguse.

Ukipata 34 usiku mmoja, usikimbie barabarani. Hesabu tena baada ya saa moja au mbili. Ikibaki juu ya 30, piga simu kliniki siku hiyo hiyo, kwa sababu pengine kipimo cha dawa kinahitaji kuongezwa, na hilo linafanyika kwa utulivu mchana badala ya kwenye boksi la televisheni usiku. Akiwa anapumua kwa kutumia tumbo, hataki kulala, ufizi umepauka au una ubuluu, au ameanguka akazimia, hapo hakuna kuhesabu tena, ni kwenda.

Mbwa asiye na dalili lakini mwenye mvumo mhesabie hata mara moja kwa wiki, ili ujue kawaida yake. Biskuti kabla ya kuugua tungejua kwamba ni wa 20, basi Septemba tungeona 32 na tungejua.

Msichukulie kila kikohozi kuwa moyo. Mbwa wadogo wengi hukohoa kwa sababu ya koo na njia ya hewa, kuna mafua yao ya kuambukizana, na kuna minyoo ya mapafu wanayoipata hapa Uingereza kwa kula konokono wenye gamba na wasio na gamba wa bustanini. Ndiyo sababu anahitajika daktari, si mume wa mtu wala mwandishi wa safu. Na wenye mbwa wakubwa, Doberman hasa, ugonjwa wao mara nyingi ni mwingine: msuli wa moyo unalegea wenyewe, pengine bila mvumo wowote, na ishara ya kwanza inaweza kuwa kuzimia. Kwa hao, kungoja mvumo ni kujidanganya.

Neno kwa ndugu zangu wa pwani na wengine ambao dini au malezi hayawaruhusu kufuga mbwa. Wengi wenu mnafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, na mzee wa Kiingereza hana mbwa wa kulinda, ana mbwa wa kuongea naye. Mzee mwenyewe haoni vizuri, hasikii kikohozi. Wewe unayeingia asubuhi na jioni ndiye unayeona kwamba mbwa hapandi tena kwenye kochi. Huhitaji kumgusa. Mwambie mwana wa mzee, au andika kwenye daftari la zamu. Msomaji mmoja wa Handsworth aliniambia alihesabu pumzi za mbwa wa bibi anayemhudumia akiwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, na alikuwa sahihi.

Chakula: makombo ya pilau mnayoyaona ni huruma yana chumvi inayovuta maji mwilini na vitunguu ambavyo ni sumu kwa mbwa. Wageni wetu wa Jumapili tumewaandikia karatasi. Wanaisoma, kisha wanadondosha nyama kwa bahati mbaya.

Na jambo moja ambalo kicheko cha mama kilinikumbusha. Jina la dawa likifanana, vidonge havifanani. Vipimo ni vingine kabisa, na dawa nyingine za kabatini mwetu, kama ibuprofen, zinaweza kumuua mbwa. Usimpunguzie mbwa kutoka kwenye kopo la bibi, wala bibi asikopeshwe ya mbwa. Nacheka ninapoandika, lakini barua ya namna hiyo nimeipata.

Sasa swali la mama. Sikulala vizuri usiku ule. Pesa hazikuwa tatizo, nilikuwa nikituma za dawa kila mwezi bila kukosa. Lakini kutuma pesa ya dawa na kujua mtu anaendeleaje ni vitu viwili, na kwa mbwa nilikuwa najua hadi pumzi, kwa mama nilikuwa najua “hatujambo, mwanangu”. Nilimwuliza daktari wa kawaida wa huku mgonjwa wa moyo wa binadamu anafuatiliwaje nyumbani. Akasema mizani. Apime uzito kila asubuhi, baada ya haja, kabla ya chai, nguo zile zile. Ukipanda zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu hajanenepa, ni maji, na miguu ikivimba au akihitaji mito mitatu ili alale, aende kliniki asingoje tarehe yake. Dada yangu alinunua mizani Moshi mjini wiki ile. Mama alilalamika kwamba anapimwa kama gunia la kahawa. Wiki ya pili akaanza kunitumia namba mwenyewe kwa simu kabla dada hajaamka.

Daktari wa Biskuti ametuambia wazi kwamba mbwa waliofika hatua hii huhesabiwa kwa miezi zaidi kuliko miaka, ingawa baadhi hupita mwaka. Binti yangu alitaka kuwepo wakati anasema, nami nilimruhusu. Aliuliza swali moja tu, kama ingekuwa tofauti angepigwa picha Machi. Daktari akasema huenda. Mtoto hakuniangalia, na hadi leo hajanitajia jambo hilo, nami nimeliandika hapa kwa sababu sijapata namna ya kumwambia nyumbani.

Kwenye jokofu letu kuna karatasi yenye safu mbili, ameichora yeye kwa rula. Upande mmoja ameandika Biskuti, upande wa pili Bibi. Jana usiku Biskuti alikuwa 24. Leo asubuhi Bibi ni kilo 61 na nusu, sawa na juzi.

Kodi ya halmashauri toleo lijalo, nimeahidi.